Uzi: Kayaki ya faiba iliyopauka na kukwaruzika, usikimbilie kuipiga rangi (kutoka Mikindani)

#1 KafiMbili (Mikindani)

Wakuu, habari za muda huu.

Huku kusini kayaki za faiba si nyingi kama mitumbwi na madau, lakini zipo, na nyingi ninazokutana nazo kuanzia Mikindani hadi Msimbati zina hali moja: rangi imechujuka, ukipitisha kiganja kinabaki na unga mweupe, tumbo lote limejaa mikwaruzo ya mchanga na matumbawe. Mwenye nayo ukimuuliza anakwambia anatafuta hela ya rangi. Nimefungua uzi huu kuwaomba msikimbilie rangi. Kayaki nyingi za namna hiyo bado zina rangi yake nzima chini ya ule unga, na inatoka kwa maji, msasa laini, kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia) na subira. Ukiifunika kwa rangi ya dukani umefunika kitu kigumu kwa kitu dhaifu.

Kwanza tujue tunachokishika. Chombo cha faiba hujengwa kutoka nje kwenda ndani. Fundi anapaka nta kwenye kalibu, juu yake anapaka jelikoti, yaani resini ya poliesta iliyochanganywa na rangi, kisha ndipo analaza mikeka ya nyuzi za kioo na kuilowesha resini. Kikitolewa kwenye kalibu, kile kilichopakwa mwanzo ndicho kinakuwa ngozi ya nje. Kwa hiyo rangi ya kayaki haikuja baadaye, imeungana na mwili. Unene wake kwa kawaida ni kama milimita 0.4 hadi 0.6, na kwenye kayaki nyepesi unaweza kuwa chini ya hapo. Nusu milimita ndiyo akiba yote uliyonayo, na haiongezeki. Kila ukipiga msasa unaila. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka kwenye hilo moja: anza na kilicho laini, ongeza ukali pale tu panapokataa, na panapokubali simama.

Kwa nini zinapauka haraka hivi kwetu? Mtwara na Lindi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na tena ndani ya Oktoba. Februari mawingu ya mvua yanatukinga kidogo. Oktoba hayapo. Miale ya urujuanimno inavunja resini ya juu, inageuka unga, na ule unga unatawanya mwanga kiasi kwamba nyekundu inaonekana waridi na bluu inaonekana majivu. Chumvi nayo inamalizia: maji ya bahari yakikauka juu ya chombo yanaacha chembe, halafu mtu anakuja na kitambaa kikavu kufuta. Huko ni kusugua, si kufuta.

Kabla hujanunua chochote, fanya majaribio matatu yasiyo na gharama. Mwagia maji baridi sehemu iliyopauka zaidi. Rangi ikikolea ikiwa imelowa na kupauka tena ikikauka, furahi, kwa sababu hivyo ilivyo ikiwa na maji ndivyo itakavyokuwa karibu sawa baada ya kazi. Kama hata ikiwa imelowa unaona mabaka yaliyofifia na alama za nyuzi zinachungulia, jelikoti hapo imeisha na msasa hautairudisha. La pili, pitisha kucha kukata mkwaruzo. Kucha ikiteleza bila kunasa, kompaundi inatosha. Ikinasa, msasa unahitajika. Ukiona nyuzi ndani ya mkwaruzo, hilo ni jeraha la kujaza, nalo lina kazi yake tofauti. La tatu, chukua sarafu ugonge kidogo kidogo toka tezi hadi omo. Mlio mkavu ni mzima. Mahali panapojibu kwa mlio mzito uliokufa, tabaka zimeachana, na hapo shughulika na ubovu wa mwili kabla hujafikiria kung'arisha.

Sasa kazi. Vua kamba za sitaha, mifuniko na kila kinachofunguka. Osha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, suuza, osha tena. Huu mwosho wa pili watu wanauruka, na chembe moja ya mchanga iliyobaki inakwenda na msasa wako kuchora mistari mirefu. Madoa ya kahawia yanayoachwa na maji ya mikoko hayatoki kwa sabuni. Jaribu ndimu au siki, iache dakika chache usuuze. Yakikaidi, asidi ya oksaliki inayotumika kutoa kutu inayatoa, ila vaa glavu. Usiyafuate kwa msasa, utakuwa unakula jelikoti nzima kwa ajili ya doa la juu. Baada ya kukauka, futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni kidogo kuondoa nta na mafuta ya zamani, mbali na moto, mbali na mpira wa mifuniko, na ugeuze kitambaa kila mara.

Chagua kipande kidogo, kama sentimita 30 kwa 30, mahali pasipoonekana sana. Jaribu kompaundi peke yake kwanza, ile ile ya wapiga rangi wa magari, kwa kitambaa cha pamba, mzunguko mdogo mdogo na nguvu ya wastani. Kitambaa kikibeba rangi ya kayaki na pale pakaanza kung'aa, umemaliza kufikiri: kayaki nzima ni kompaundi tu. Isipong'aa, shuka kwenye msasa wa maji namba 1000 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi), kisha 1500, kisha kompaundi tena. Ikikataa bado, au mikwaruzo inanasa kucha, anza na 600, na kwa mikwaruzo mibaya 400, halafu upande 600, 800, 1000, 1500. Usiruke namba. Anayetoka 400 kwenda 1500 atang'arisha mikwaruzo yake mwenyewe na jua la saa kumi litamwonyesha.

Msasa uloweke kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. Uzungushie kipande cha ndala iliyokwisha, kwa sababu vidole vitupu vinachimba mifereji. Piga kwa mwelekeo mmoja kwa namba moja, na namba inayofuata uikatize, ili uone mistari ya namba iliyotangulia imekwisha kabla hujasonga. Kabla ya kila namba chora mistari ya penseli juu ya eneo. Penseli ikifutika yote, eneo limefikiwa lote.

Baada ya 1500 ni kompaundi, kisha polishi laini, kisha nta. Nta ndiyo inayoziba vishimo vidogo vidogo na kuchukua kipigo cha kwanza cha jua na chumvi. Ukiacha hatua hii, ung'avu wote uliouhangaikia unaanza kuondoka ndani ya msimu mmoja. Paka nyembamba, iache ifanye ukungu, futa, rudia.

Wakati mzuri ni huu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, mvua zimekwisha na joto ni la wastani. Fanyia kivulini. Chombo kilichopigwa na jua kinakausha kompaundi kabla haijafanya kazi. Asubuhi subiri umande ukauke kwanza.

Na jambo la mwisho kwa leo: yale maji meupe ya msasa ni plastiki. Msifanyie kazi hii ufukweni. Fanyeni nyumbani juu ya turubai, acheni maji yatuame, uchafu ukauke muutupe na taka. Tuna mikoko na chaza zetu hapa ghubani, na kule Msimbati tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Haipendezi sisi tunaosema tunaipenda bahari tuwe ndio tunaoilisha unga wa faiba.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 MwanaKitunda (Lindi)

Kaka shukrani kwa uzi. Mimi niko ng'ambo ya mji, Kitunda, na kayaki yangu ni nyekundu, sasa hivi ukiiangalia ni waridi kabisa. Nimemwagia maji kama ulivyosema na nyekundu imerudi, nikaita na watoto waje waone. Shida yangu ni mkukuni. Naiburuta mchangani kila siku, chini kumekwisha, naona kama weupe weupe wenye nyuzi. Jirani yangu ana dau, kanishauri nipige rangi ya mafuta yote, juu na chini, kama wanavyopaka wao. Unasemaje?

#3 KafiMbili

Ndugu yangu wa Kitunda, jirani yako anasema kweli kwa dau lake. Ubao unapumua, unavimba na kusinyaa, na rangi ya mafuta inapakwa kila mwaka kwa hesabu hiyo. Jelikoti inateleza na rangi haina pa kushika. Rangi ya mafuta juu yake inaanza kubanduka kwa maganda pale unapopandia na pale kafi inapogusa, na inachujuka kwa jua kabla ya jelikoti yenyewe. Mwakani utakuwa na kazi mbili, kukwangua rangi na kufanya hii ya leo.

Wewe una chombo kimoja chenye matatizo mawili. Juu na ubavuni rangi ipo, hapo ni kompaundi, labda na 1000. Mkukuni jelikoti imeisha, hapo lazima upake jelikoti mpya, na ukanda mwembamba wa upana wa vidole vinne toka tezi hadi omo unatosha. Namna ya kuichanganya nitaieleza chini kidogo maana kuna aliyeniuliza faragha jambo lile lile. Usiache nyuzi wazi. Zinanyonya maji, na maji yakishaingia kati ya tabaka ndipo unapoanza kusikia ule mlio uliokufa kwenye sarafu.

Na kuburuta kwenyewe tukuachishe. Kayaki ndefu ya faiba ina kama kilo 22 hadi 27, watu wawili wanaibeba bila shida. Ukiwa peke yako laza magogo mawili ya mnazi au kipande cha zulia kuukuu uivushe juu yake.

#4 RangiYaShangani (Mtwara mjini)

Mimi ni mpiga rangi wa magari, nimesoma uzi mpaka mwisho. Mengi ni sahihi, niongeze na nibishe kidogo.

Nyongeza ni kuhusu mashine. Nimeona vijana wanafunga sifongo kwenye grenda ya kawaida ya kukatia chuma. Ile inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Utaunguza jelikoti, itageuka njano na kufanya malengelenge kabla hujahamisha mkono. Mashine ya polishi inarekebishwa kasi. Anza kama 1,000, usizidi 2,000 na kidogo, na iwe inatembea muda wote. Weka kiganja mara kwa mara, pakiwa pa moto kiasi cha kuondoa mkono, pumzisha. Kwenye kona na kingo usipeleke mashine kabisa, fanya kwa mkono, kwa sababu jelikoti kwenye kona huwa nyembamba na mashine huegemea hapo hapo.

Ninachobisha ni kuanza na msasa 400. Sisi kwenye gari hatushuki chini ya 1500 kabla ya kompaundi. 400 ni namba ya kuandalia rangi mpya.

#5 KafiMbili

Fundi, asante sana kwa hilo la grenda na kingo. Nimeliandika kwenye daftari langu.

Kuhusu 400, kwa gari uko sahihi kabisa. Lile tabaka la juu linalong'aa kwenye gari lina unene wa kama milimita 0.05, ukiligusa na 400 limekwisha. Jelikoti ni kama mara kumi ya hapo, na 1500 inateleza tu juu ya mkwaruzo wa tumbawe. Lakini nakubaliana nawe kwenye nia: 400 ni ya mkwaruzo, si ya kayaki nzima. Mwenye kupitisha 400 toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu tu rangi imepauka anatupa miaka ya chombo chake. Jelikoti ya namna hiyo unaweza kuifufua mara kadhaa katika uhai wake ukiila kidogo kidogo.

#6 Ngamani

Vijana, mimi nimeunda mashua tangu enzi hizo, hizo faiba zenu nazitazama tu zikipita. Sisi chombo kikipauka tunakipaka sifa, yale mafuta ya papa, na chini ya maji shahamu na chokaa, kimekwisha. Mbao zinarudi kuwa nyeusi za kupendeza na bungo mtoboa mbao anakaa mbali. Sasa sielewi, kwa nini mtu asipake sifa au hata mafuta ya nazi kwenye hicho chombo chenu akaenda zake baharini? Nimeona mtu kafanya na kilimetameta.

#7 KafiMbili

Shikamoo mzee wangu. Ni heshima kukuona humu.

Mafuta ya papa kwenye ubao yanaingia ndani. Ubao unayanywa, yanakaa kwenye nyuzi na kuzuia maji. Jelikoti haina pa kuyanywea. Yanakaa juu, yanajaza vile vishimo vya unga kama maji yanavyofanya kwenye jaribio, ndiyo maana kinametameta siku hiyo. Siku chache baadaye jua limeyakausha, yamebaki kunatanata, mchanga na vumbi vimegandia. Na baya zaidi, siku mtu akitaka kujaza jeraha kwa jelikoti mpya, haishiki penye mafuta. Anaanza kuhangaika na asetoni siku nzima.

Ulichokiona mzee kina somo kwa wanunuzi. Anayeuza kayaki kuukuu akiipaka mafuta asubuhi, mnunuzi anaikuta inang'aa. Kwa hiyo ukienda kununua, beba kitambaa na sabuni, osha kipande cha ubavu kabla hujatoa hela. Vivyo hivyo na yale mafuta ya kung'arishia dashibodi ya gari, mengi yana silikoni, na silikoni ikishaingia kwenye mikwaruzo kuitoa ni kazi kubwa.

#8 MamaChaza (Msanga Mkuu)

Ndimi niliyekuuliza faragha, naona bora uandike hapa wengine wafaidike. Kayaki yetu ilipanda mwamba wenye chaza maji yakiwa yamekupwa. Kuna mchano wa urefu wa kiganja ubavuni, nyuzi zinaonekana, lakini ndani haivuji. Ni nyeupe. Mume wangu alitaka kupaka puti ya gari.

#9 KafiMbili

Dada, vizuri hukumruhusu. Hapa naandika kirefu kwa sababu ndipo watu wanapoharibu, na ndipo penye hatari kwa mwili.

Suuza jeraha kwa maji baridi mpaka chumvi iishe, kisha liache likauke siku kadhaa kivulini penye upepo. Nyuzi zilizolowa hazishiki kitu. Kwa ncha ya kisu kata nyuzi zilizolegea na utanue mdomo wa jeraha liwe pana juu na jembamba chini. Kwaruza ndani na pembeni kidogo kwa msasa mkavu namba 120, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi, maana vumbi la kioo halitakiwi mapafuni. Futa kwa asetoni. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka jeraha.

Jelikoti haikauki kwa hewa, inagandishwa na hadina, ule ugiligili usio na rangi ulioandikwa MEKP. Kipimo ni gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za jelikoti. Kwenye joto la Novemba kaa karibu na 1.2, kipindi hiki cha kusi 1.5 hadi 2. Chini ya 1 usishuke, haitakomaa kamwe hata ukingoja mwezi. Kwa jeraha lako gramu 20 za jelikoti zinatosha, kwa hiyo hadina ni kama mililita 0.3. Nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, usikisie kwa matone ya kifuniko. Koroga taratibu dakika nzima, ukikwangua pembeni za kikombe. Kwenye joto letu una chini ya robo saa kabla haijaanza kuganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Kikombe kilichojaa kinapata moto wenyewe mpaka kutoa moshi.

Jaza kupita usawa kidogo, kwa sababu itasinyaa. Kisha funika kwa plastiki ngumu inayong'aa, bandika kingo hewa isipite. Jelikoti ya kawaida ikiachwa wazi, uso wake unabaki unanata kwa sababu oksijeni inaizuia kuganda pale juu. Watu wengi wakiona unanata wanaongeza hadina mara nyingine, na hilo si tatizo lake. Kesho yake vua plastiki, piga 400 kwa kibao kigumu mpaka iwe sawa na ubavu, halafu panda namba mpaka kompaundi.

Sasa hatari. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi, si ya jua. Ikiruka jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka angalau dakika 15, kisha hospitali, usingoje kuona kama inapungua. Ukiona kwa muuzaji kuna kichupa kingine cha zambarau kinaitwa kobalti, usikichanganye moja kwa moja na hadina, vinalipuka. Matambara yaliyoshika hadina yalowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa. Na watoto wasiwepo.

Kupata vifaa: nenda kwa fundi wa boti za faiba za uvuvi, muombe akuuzie gramu 200 na hadina yake. Kopo zima halina maana kwako, jelikoti huharibika ndani ya miezi michache kwenye joto hili. Na tafadhalini, hadina isisafirishwe kwenye buti la basi kutoka Dar. Inashika moto na kuchochea moto, na juu yake kuna abiria.

Nyeupe yako itakubali kirahisi, ila ng'arisha kwanza eneo linalozunguka jeraha ndipo ulinganishe rangi. Anayelinganisha na rangi iliyopauka, akimaliza kung'arisha anakuta kiraka kinaonekana toka mbali.

#10 RangiYaShangani

Nakazia hilo la puti. Puti ya magari ina unga wa mawe laini, inanyonya maji. Kwenye mlango wa gari inafunikwa na prima na rangi. Kwenye chombo kinachokaa majini inavimba na kubanduka. Naipenda kwa kazi yake, si huku.

Na resini ya epoksi je? Kuna wateja wanakuja nayo.

#11 KafiMbili

Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta, na kwa kuziba ufa wa mwili ni nzuri kuliko poliesta. Mashaka ni mawili. Jua linaila haraka, lazima ifunikwe na rangi. Na jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa hiyo ukishaziba kwa epoksi umejifungia njia ya jelikoti, imebaki ya rangi tu. Amua kabla hujafungua kopo.

#12 KusiKaskazi (Kilwa Masoko)

Hii inafaa kwa kayaki za plastiki? Tunazo mbili hapa, moja imetoka vinyweleo chini.

#13 KafiMbili

Hapana mkuu. Plastiki haina jelikoti, rangi ni ile ile mpaka ndani, na msasa utaizidishia vinyweleo. Vikwangue kwa wembe ulioshikwa wima kidogo, uoshe, uiweke kivulini. Kung'aa kama faiba haitang'aa.

#14 MwanaKitunda

Nimerudi na taarifa. Ubavu wa kulia nimeumaliza. Kompaundi peke yake ilinigomea, nimeanza na 1000. Nyekundu imerudi kiasi kwamba jamaa wa kivuko ameniuliza nimeipata wapi mpya. Nina swali: pembeni pale sitaha inapokutana na ubavu, maji ya msasa yalikuwa mekundu, ghafla yakaanza kuwa hafifu na naona kibaka cheusi cheusi. Niendelee?

#15 KafiMbili

Hongera sana! Na hapo simama papo hapo. Maji ya msasa yanakusomea hali. Yakiwa na rangi ya kayaki, unakula jelikoti. Yakibadilika, umefika kwenye resini ya ndani. Ndiyo kona aliyoisema fundi wa Shangani. Kikiwa kibaka kidogo, jazia jelikoti siku ile utakayofanya mkuku. Kwa sasa kipitishe kompaundi kwa mkono bila msasa, halafu endelea na ubavu wa kushoto, na kona zote zibandike tepu ya karatasi kwanza. Utaivua mwishoni na kuzifanya kwa mkono.

#16 MwanaKitunda

Nimekuelewa. Na nta nirudie baada ya muda gani? Na niihifadhi vipi, sina stoo.

#17 KafiMbili

Unayeitumia kila siku, paka kila baada ya miezi miwili au mitatu. Usihesabu sana, mwagia maji: yakikusanyika matone na kutiririka, nta ipo. Yakitandaa, imekwisha. Lazima iwe imepakwa kabla ya Oktoba kuingia.

Stoo huhitaji. Banda la makuti lisilo na kuta linatosha, jua lisiigonge na upepo upite. Ilaze kifudifudi juu ya magogo mawili yaliyofungwa zulia, kila moja kama robo ya urefu kutoka nchani, isije ikalala kwa uzito wake katikati. Usiifunike turubai likaigusa. Chini yake mvuke unabaki na joto linapanda, jelikoti inapata madoa. Na kila ukirudi, suuza kwa maji baridi kabla haijakauka, ndoo mbili zinatosha.

MamaChaza, ukishavua ile plastiki utuwekee picha kabla hujapiga msasa, nataka kuona kama imejaa mpaka kwenye ncha za mchano.